Mama Elsie Mbele ya Greda

Siku ya kwanza kumwona Mama Elsie alikuwa amekaa mchangani pembeni ya uwanja wa mpira wa Kanyala, anakula mkia wa kangaruu na kuwasema wachezaji wa timu yetu mmoja mmoja, kwa zamu. Tulikuwa tumetoka magharibi, mwendo wa siku mbili ndani ya lori, kuja kwenye mashindano. Mimi nilipangwa pembeni kabisa, mahali anapowekwa mtu mwenye haya ili asiisumbue timu. Bahati mbaya pembeni ndiko alikokaa yeye.

"Huyo mwenye miguu ya ndege emu, mpeni mpira," alisema. "Tuone kama atakimbia au atataga."

Mpira ukaja; wa kwetu hudakwa kwa mikono. Ukaniponyoka mikononi.

"Ametaga," alisema, akaendelea kula.

Wanawake wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Tulifungwa vibaya siku ile, na tulipotaka kuondoka, giaboksi ya lori ikafa. Wenzangu walidandia magari ya watu wakarudi. Mimi nilibaki kulilinda lori kwa sababu nilikuwa na shangazi pale Kanyala, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nataka. Lori lilipopona baada ya wiki tatu, mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya kuendesha greda la hifadhi ya majabali ya pale. Baba yangu alikuwa amenifundisha greda kabla sijamaliza shule ya msingi, na baada ya hapo sikurudi darasani tena. Lori likaenda bila mimi.

Jina la Mama Elsie la kwetu silitaji. Ni mama wa mke wangu, na kwetu jina la mkwe halikai kinywani. Elsie ni jina alilopewa na wazungu wa shamba la ng'ombe alikozaliwa, na jina la kupewa na wazungu halinikatazi kitu.

Alizaliwa chini ya mti, nyuma ya zizi la ndama. Alipokuwa na miaka kama minane, bibi yake alimchukua wakatembea kwa miguu kutoka kisima hadi kisima, miezi mingi, hadi wakayafikia majabali ya Kanyala. Bibi alimwonyesha kila jiwe la wanawake na kumwambia ni la nani, na nani hapaswi kulitazama. Miaka mingi baadaye serikali iliporudisha majabali kwa wenyewe na hifadhi ikawa yetu sisi na serikali kwa pamoja, ofisi ilihitaji mtu wa kuwaambia watu wapite wapi. Hapakuwa na ubishi kuhusu nani ataifanya kazi hiyo.

Alivaa kofia ya askari wa hifadhi na kutembea peku. Buti alizopewa alizifunga kamba pamoja akazining'iniza shingoni. Mkuu wa hifadhi, mzungu mmoja aitwaye Barrett, alimkumbusha kwamba kanuni inasema buti zivaliwe kazini.

"Nimezivaa," alijibu. "Kanuni yako haikutaja miguu."

Watalii walimpenda na kumwogopa. Asubuhi aliwatembeza upande wa mashariki akawapa hadithi ya majabali, ile tunayowapa watoto wadogo, maana ndiyo ya kuanzia. Kila wiki alitokea mmoja wa kuuliza, "Na sehemu iliyobaki?"

"Bwana, wewe umeingia darasa la kwanza leo saa mbili asubuhi. Sasa ni saa nne. Unataka kumaliza shule kabla ya chakula?"

Mimi alinifundisha akiwa amesimama kwenye ngazi ya greda, ameshika mlango, mbwa wake sita wanatufuata kwa nyuma. Nilikuwa mgeni, na greda ni chombo kibaya mikononi mwa mgeni. Alinionyesha njia za maji, mashimo ya sisimizi wa asali tunaowachimba na kuwala, mahali pa kutupa mchanga na mahali pa kuinua bapa, chuma kinachokwangua mchanga, hata kama njia ni mbovu. "Greda halina macho," aliniambia. "Ya kwako ndiyo linayoyatumia. Kwa hiyo yachunge."

Upande wa magharibi kuna jabali ambalo wanaume hatulitazami. Ukipita njia ya mbali unageuza uso upande mwingine hadi umalize. Nimekaa hapa miaka ishirini na tatu, na sijui jabali lile lina rangi gani asubuhi. Mama Elsie hakuwahi kunionyesha lilipo. Alinifundisha nchi yote inayolizunguka, kilima kwa kilima, hadi nikalijua kwa pengo lake.

Ilipofika mwaka wangu wa nne, ofisi ilipata wazo la njia mpya ya mabasi upande huo huo wa magharibi. Watalii walitaka kuona machweo wakiwa karibu. Mtu wa mjini alichora mstari kwenye ramani, na ule mstari ulipita mbele ya jabali lenyewe, karibu kiasi cha abiria kuliona lote dirishani, wanaume kwa wanawake, wakiwa na kamera.

Barrett aliitisha mkutano chini ya kibanda cha bati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi.

"Mama Elsie, niandikie sababu. Mstari mmoja tu, nikawape mjini."

"Sababu ni kwamba haipiti."

"Hiyo si sababu, mama. Hilo ni jibu."

"Basi jibu umeshalipata. Sababu unaitakia nini?"

Wazee walicheka chini chini, lakini yeye hakucheka. Sababu asingeweza kuitaja mbele ya Barrett, mbele yetu, wala kwenye karatasi ambayo mwanaume yeyote angeisoma. Na bila sababu, njia ingelimwa. Mtu mmoja tu wa mjini ndiye aliyefaa kuambiwa, naye ni mwanamke aliyesimamia michoro, aitwaye Philippa. Alikuwa amekuja mara moja. Mama Elsie alimtembeza nusu siku akamrudisha.

"Ana moyo mzuri," alituambia. "Lakini anauliza swali la pili kabla la kwanza halijakaa chini. Mdomo wa namna hiyo siwezi kuupa kitu cha bibi yangu."

Mwishowe yeye na Barrett wakafikia mwafaka. Mimi ningelima njia kuanzia mashariki hadi kwenye mti mkubwa wa mvinje unaosimama peke yake uwandani, kisha nisimame. Philippa angekuja tena baada ya wiki moja, na hapo ingeamuliwa.

Sasa katikati ya mambo hayo mimi nilikuwa na shauri langu. Nilimpenda Rhonda, binti yake, aliyefanya kazi kwenye duka la kijiji. Nilinunua viberiti vingi kuliko mtu yeyote pale jangwani, maana viberiti vilikaa nyuma yake na ilimbidi ageuke kuvichukua, nami nikapata nafasi ya kumtazama bila yeye kunitazama. Hatimaye alinisukumia pakiti nzima akasema, "Mwambie Mjomba Lenny aende kwa mama. Nyumba yenu itashika moto."

Mjomba Lenny ni kaka yake Mama Elsie. Alikwenda mara mbili, na mara mbili akarudi na jibu moja.

"Dada anasema hakukatai," aliniambia. "Anasema bado anakutumia."

Kijiji kizima kilicheka, lakini kila mtu alielewa. Nikishakuwa mkwe wake, yeye na mimi hatutazungumza tena. Hatutatazamana, hatutakaa kwenye kivuli kimoja, akija huku mimi nitapita kule. Hiyo ndiyo heshima. Na yeye alikuwa bado ana maneno ya kumpa mtu wa greda.

Jumapili ile niliwinda kangaruu, nikampa Mjomba Lenny ampelekee. Hiyo ndiyo desturi: nyama ya mchumba ikishaliwa na mama wa binti, neno limekwisha. Jumatatu asubuhi, nikiwa napasha injini moto, Mjomba Lenny alipita na gari lake akapunga mkono dirishani.

"Ameipokea," alisema, akaenda zake.

Nilikaa kwenye kiti cha greda nikacheka peke yangu. Kisha nikaanza kazi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Jumamosi wapima ardhi walikuwa wamepita wakapigilia vigingi vyenye tepe nyekundu hadi mwisho wa mstari wa zamani, mbali kuupita mvinje. Hakuna aliyewaambia habari za mwafaka. Mimi nilipoziona tepe, nilidhani mambo yameamuliwa. Nikafuata tepe moja baada ya nyingine. Kichwani nilikuwa na Rhonda na nyumba yenye veranda. Mvinje ulipita kulia kwangu na sikuuona.

Kwenye kioo nikaona gari la hifadhi linakuja mbio nyuma yangu. Likasimama. Akateremka Mama Elsie, kofia mkononi, anaipunga.

Ningekuwa mtu mwingine ningesimama. Lakini mimi nilijua ameipokea nyama. Nilijua kuanzia asubuhi ile yeye ni mkwe wangu, na mkwe akija unaondoka. Nikageuza kioo kisimwonyeshe. Nikatazama mbele na kukanyaga mafuta. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote wa magharibi.

Greda haliendi kasi. Mwanamke wa makamo anayejua njia za mkato analipita. Alikata kupitia kwenye majani ya miiba, miguu mitupu, akatokea mbele yangu kama hatua thelathini, akakaa chini katikati ya mstari. Alikaa akinipa mgongo.

Nikasimamisha. Bapa lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kofia yake. Nikazima injini, nikateremka upande wa pili, nikajificha nyuma ya gurudumu na kumgeuzia mgongo na mimi. Tukakaa hivyo, migongo miwili na greda katikati.

"Hector," aliita.

Mkwe hajibiwi.

"Nimeona umegeuza kioo. Nimeona umeongeza mwendo. Adabu nzuri, mtu wa emu. Sasa niambie, hiyo adabu yako ilikuwa inaelekea wapi?"

Nikazidi kulitazama gurudumu.

"Nani amekwambia mimi ni mkwe wako?"

"Mjomba Lenny," nilisema, nikiliambia gurudumu. "Amesema umeipokea nyama."

"Nimeipokea, ndiyo. Iko juu ya paa la gari, mbwa wanaitolea udenda. Kupokea ndiyo kula kwenu magharibi? Sijaonja hata kipande. Mpaka nile, mimi ni bosi wako, na bosi wako anakwambia umeupita mvinje."

Nikatazama nyuma. Mvinje ulikuwa mbali, hatua mia mbili na zaidi.  Tepe zilizobaki mbele zilikuwa nne tu, kisha kilima kidogo, na nyuma ya kilima kile ndipo pengo langu. Ningelifika nikiwa nimekaa juu ya kiti kirefu, macho wazi. Jambo hilo halina pole kwetu. Mimi ningefukuzwa, Rhonda ningemkosa, na yeye angeulizwa na wanawake wa nchi nzima kwa nini alimwamini mtu kama mimi.

"Nirudishe nyuma?" niliuliza.

 Nilisikia akicheza na mchanga.

"Hapana. Liache hapo lilipo," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu aliyeona kitu kizuri chini. "Nimechoka kuombwa sababu kwenye karatasi. Likikaa hapa, watakuja wenyewe kuuliza. Waje waliulize chuma."

Akaagiza kopo la chai na blanketi. Rhonda alivileta, akanipita bila kunitazama, ila aliacha kopo langu juu ya hatua ya greda. Na Mama Elsie akakaa. Dada yake akaja kukaa naye, na wanawake wengine wawili, na mbwa sita. Wakawasha moto, wakaoka mkate majivuni.

Barrett alifika mchana. Alimwamkia Mama Elsie, akaja kwangu.

"Hector, tumeshachelewa. Malizia hadi tepe ya mwisho, halafu tutaongea."

Mimi na Barrett tulikuwa tumefanya kazi miaka minne, na maneno niliyomwambia kwa muda wote huo yangetosha kwenye bahasha ya barua.

"Siendi," nilisema.

"Kwa nini? Kule kuna nini?"

"Sijui kuna nini. Ndiyo maana siendi."

Nilimwona analitafakari lile jibu. Nyuma ya greda nilimsikia Mama Elsie akiwaambia wenzake, "Kumbe anazungumza."

Barrett alimwita dereva mwingine kutoka kambi ya barabara. Akaja, mtu wa watu wetu wa kaskazini. Aliona greda liliposimama, akaona nani amekaa mbele yake. Alikunywa chai, akala mkate, akaniuliza habari za mpira, akarudi kwao. Siku ya pili Barrett hakumwita mwingine. Siku ya tatu alipiga simu mjini.

Philippa alikuja Ijumaa, mbio, na daftari. Mama Elsie hakuinuka.

"Karibu, mwanangu. Daftari liache garini. Tunakwenda kuchimba sisimizi wa asali, na leo huulizi kitu."

"Hata kama sielewi?"

"Hilo ni swali. Tutaanza kuhesabu baada ya hapa."

Walichimba siku mbili, wamezama mashimoni hadi mabegani. Rhonda alikuwepo, na ndiye aliyeniambia kwamba siku ya kwanza Philippa aliuliza maswali kumi na manne, akawa anaziba mdomo kwa mkono wake wenye mchanga. Siku ya pili aliuliza moja, kama kuna maji. Jioni yake Mama Elsie alimpa kopo lake mwenyewe anywee.

Asubuhi ya siku ya tatu waliondoka kwa miguu, Mama Elsie, dada yake na Philippa, wakapita greda, wakapita tepe nne na kilima. Sisi wanaume tulikaa nyuma ya greda, nyuso mashariki. Barrett alikuwa na kiti chake cha kukunja. Alikigeuza mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Saa nzima ilipita, labda zaidi. Waliporudi, Philippa hakusema neno. Alichukua ramani na penseli, akaitandaza juu ya boneti, akachora njia inayokatia kusini kwenye mvinje, ikazunguka kilima cha mchanga, ikatokea mahali ambapo machweo yanaonekana vizuri na jabali la wanawake halionekani kabisa. Ilikuwa ndefu kwa kilomita sita.

"Niandike sababu gani?" Barrett aliuliza.

"Andika nimeonyeshwa," Philippa alisema.

Barrett akaandika hivyo hivyo. Mjini wakapitisha.

Ile nyama ilikuwa imeshaharibika zamani, wakapewa mbwa. Mama Elsie alimtuma Mjomba Lenny kuniambia nilete nyingine njia ikiisha, na safari hii isiwe dume zee lenye nyama kama buti.

Sasa ni miaka kumi na tisa tangu nimuoe Rhonda. Nyumba tunayo, veranda tunayo, na watoto watatu, hakuna hata mmoja mwenye haya. Mama Elsie ni mzee, anatembea na fimbo, na bado anawapeleka watalii darasa la kwanza. Akiwa kwenye njia ya mashariki, mimi nipo kusini. Nyayo zake nazijua kuliko za watoto wangu, na nikizikuta bado mbichi, kingo hazijabomoka, nazunguka mbali. Akiwa na neno kwangu, anakaa nje ya ua wetu na kuwaambia mbwa: "Mtu fulani ana bati limelegea pale juu. Upepo ukija atalala na nyota." Napanda kulipigilia akishaondoka. Mtalii mmoja aliwahi kuniuliza tuligombania nini. Nilimwambia hatujawahi kugombana. Hakuniamini.

Njia ya kusini naipitia na greda kila baada ya mvua, na kila mwaka Desemba nateremka na kupima kwa kamba kutoka kwenye mvinje hadi ukingoni mwa njia. Kamba ni ile ile.

Mwaka ule, kabla sijaoa, niliimaliza njia ile siku ya Jumatano, mwezi wa sita. Nyama ya pili nilikuwa nimeipeleka asubuhi. Jua lilikuwa bado juu nilipozima injini chini ya mvinje, na nikamkuta Mama Elsie amekaa hapo ananingoja, buti shingoni. Alinionyesha mahali pa kukaa, upande wa pili wa shina. Alikuwa na mchana mzima wa maneno na aliutumia wote. Aliniambia Rhonda asubuhi hasemeshwi kabla ya chai. Aliniambia kaka yake Lenny asikopeshwe gari. Aliniambia nikipewa mpira niushike kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akatazama njia mpya niliyoilima, akainama kushika ukingo wake kwa kiganja.

"Greda lina tabia ya kula pembeni," alisema. "Mwaka huu kiganja kimoja, mwaka kesho kingine. Hakuna anayeamuru, hakuna anayeona, na miaka ishirini baadaye njia imefika mahali ambapo haikutumwa. Mimi sitaweza kukwambia tena. Utajiambia mwenyewe."

"Ndiyo, mama," nilisema. "Haitaongezeka."

"Najua. Ndiyo maana leo nakula." Akajifuta mchanga mikononi, akawaita mbwa. "Haya, geuka sasa. Nina njaa."